Mti Wenye Mwenyewe: Historia Fupi ya Vivuli vya Lodwar

Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutuletea habari za visima, madarasa, karo za watoto na zahanati. Hayo yote yapo mwaka huu pia, kurasa za mbele na za nyuma. Lakini kamati imeona tuweke kando kurasa chache kwa ajili ya jambo ambalo wengi wetu tulilikuta tu na hatukuuliza lilitoka wapi: miti mikubwa inayosimama katika maboma yetu, nyuma ya nyumba, kwenye viwanja vya shule na kando ya maduka. Miti hii inapungua. Wanaorudi nyumbani Desemba kutoka Nairobi, Kitale, Eldoret au ng'ambo wameyaona mashina yaliyokatwa na ploti zilizobaki wazi juani. Kabla hatujachanga shilingi moja ya kuiokoa, inafaa tujue ilifikaje pale, na ni nani aliyeiweka hai muda wote huo.

Watu husema mti wa jangwani ni wa Mungu, hujiotea na kujitunza. Historia yetu inaonyesha vingine. Karibu kila mti mkubwa ulio hai Lodwar leo una binadamu nyuma yake, na pale mti ulipokosa mwenyewe, haukudumu.

Nchi yenye jua

Lodwar hupata mvua ya wastani wa milimita 200 hivi kwa mwaka. Nairobi hupata zaidi ya mara nne ya hiyo. Mvua yetu nayo haiji kwa utaratibu. Huenda nusu yake ikanyesha kwa siku mbili, laga la Kawalase likafurika na kubeba mbuzi na vyombo, kisha mawingu yakapotea miezi minane. Mchana joto hufika nyuzi 35 na zaidi karibu mwaka mzima. Jua na upepo wetu vina nguvu ya kukausha maji ya kina cha zaidi ya mita mbili kwa mwaka, yaani zaidi ya mara kumi ya mvua tunayopata.

Serikali ya kikoloni iliona jua hilo na kuhitimisha kwamba hapa hakuna kitu. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Mkoloni alipotaka kumweka mtu mbali na dunia, alimleta kwetu. Mzee Jomo Kenyatta, baada ya kifungo cha Lokitaung, aliwekwa kizuizini Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961, alipohamishiwa Maralal. Kwa waliomleta, Lodwar ilikuwa adhabu. Kwa wazee wetu ilikuwa nyumbani, na sababu moja kubwa ilikuwa mto Turkwel na miti yake.

Turkwel huanzia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako huitwa Suam, ukashuka hadi kuishia Ziwa Turkana. Sehemu kubwa ya mwaka katika nchi ya chini unaweza kuuvuka kwa miguu. Lakini chini ya mchanga maji yapo, na kandokando yake umesimama msitu mwembamba kama utepe wa kijani katikati ya nchi ya kahawia: ewoi, edurukoit, ebei, edome, esekon, na eengol ambao Waswahili wa pwani huuita mkoma. Kila mmoja una kazi yake. Ewoi hudondosha maganda ya mbegu wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha, na mbuzi huyakimbilia. Edome na ebei huzaa matunda. Esekon hutoa matunda na miswaki. Eengol hutoa matunda, na makuti yake hufuma vikapu na kuezeka nyumba. Mtu asiyejua miti hiyo angepita hapo na kusema nchi ni tupu.

Mti uliozaliwa zizini

Kuna jambo moja ambalo wazee walilijua na baadaye wataalamu wakalithibitisha. Mwaka 1995 watafiti Robin Reid na James Ellis walichapisha kazi waliyoifanya Turkana Kusini kuhusu jinsi miti ya ewoi inavyoota. Walikuta kwamba miche mingi ilikuwa ikiota kwenye mazizi ya zamani, pale familia zilipokaa na mifugo kisha zikahama.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mbuzi hula maganda ya ewoi porini na kurudi zizini jioni. Mbegu ni ngumu, na nyingi hupita tumboni bila kusagwa, tena gome lake likiwa limelainika kidogo. Huangukia kwenye samadi nene, inayoshika unyevu kuliko mchanga mtupu. Familia inapohama, mvua ikija, zizi lililoachwa linakuwa kitalu. Miaka mingi baadaye pale palipokuwa na zizi pana kundi la miti, na chini yake huja awi nyingine, watoto wengine, mbuzi wengine.

Kwa hiyo ukiona ewoi mkubwa mbali na mto, inawezekana kabisa kwamba unatazama mahali palipokuwa na boma la watu. Kwa miaka mingi wafugaji walilaumiwa kwamba mifugo yao ndiyo inayoleta jangwa. Hapa palikuwa na ushahidi kwamba mifugo hiyohiyo ilikuwa ikipanda miti. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kivuli nacho kina waliokiunda, hata kama hawakushika jembe.

Ekwar: miti yenye wenyewe

Kando ya Turkwel mambo yalikwenda mbali zaidi. Huko miti haikuwa ya kila mpita njia. Ilikuwa na wenyewe, kwa utaratibu uitwao ekwar.

Ekwar ni kipande cha msitu wa mtoni ambacho familia fulani ina haki ya kukitumia: maganda, matunda, majani ya kulisha mifugo, na kuni zilizokauka. Haki hiyo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Wakati wa akiporo, majani yakiwa tele kila mahali, watu hawabani sana. Akamu inapoingia na lishe ikabaki mtoni tu, mgeni lazima aombe. Akiomba kwa heshima hupewa, kwa sababu kesho na wewe utakuwa mwombaji mahali pengine. Anayekata tawi kubwa au kuangusha mti bila ruhusa huitwa mbele ya wazee, na kesi hujadiliwa chini ya mti wa wanaume, kikaoni, kama yalivyojadiliwa mambo yote mazito. Na familia iliyotelekeza ekwar yake kwa muda mrefu ingeweza kupoteza haki hiyo.

Mtaalamu wa misitu Edmund Barrow, aliyefanya kazi Turkana miaka ya 1980, aliandika kuhusu ekwar mwaka 1990. Alionyesha kwamba huu ulikuwa utaratibu kamili wa kutunza miti, na kwamba miradi mingi ya kutoka nje ilipita juu yake kana kwamba haupo, kwa kuwa ilidhani ardhi ya wafugaji haina mwenyewe.

Tukumbuke maana ya ekwar kwa mti wenyewe. Mwenye ekwar hakukata mti, alipunguza matawi. Alichukua maganda kwa fimbo yenye ndoano, akatikisa tawi, mbuzi wakala, mti ukabaki. Alijua kwamba ewoi mkubwa hauwezi kuletwa tena katika umri wake. Haki ya kula ilikwenda pamoja na wajibu wa kulinda. Mambo hayo mawili yalipotengana, ndipo matatizo yalipoanza.

Mwarobaini unaingia mjini

Miti ya mtoni ni ya asili, lakini kivuli cha mji wa Lodwar kina mgeni mmoja aliyekuwa mwenyeji: mwarobaini. Asili yake ni Bara Hindi. Ulifika Afrika Mashariki pamoja na wafanyabiashara na watu wa bahari, ukapendwa pwani kwa dawa na kivuli, kisha ukapandishwa bara. Kwetu uliingia katika nyumba za serikali, hospitali, shule, maduka na misheni. Wamisionari Wakatoliki walianza kazi Turkana mwaka 1961, wakati wa ukame na njaa, na Lodwar ikawa dayosisi mwaka 1978. Kila palipochimbwa kisima na kujengwa nyumba ya mabati, mwarobaini ulifuata.

Ulifaa kwa sababu mbili. Mbuzi hawapendi majani yake machungu, kwa hiyo haukuhitaji kulindwa kwa miiba miaka mingi. Na ukishashika, hukua haraka na kubaki na majani wakati miti mingine imevua. Lakini mwarobaini si ewoi. Hupenda mvua kuliko tunayopata, na katika milimita 200 hauishi kwa mvua peke yake. Miarobaini mikubwa ya Lodwar iliishi kwa sababu ilipata maji ya watu: bomba linalovuja, maji ya kufulia, beseni lililomwagwa jioni, mfereji wa jikoni. Mama aliyemwaga maji ya vyombo shinani miaka 20 ndiye aliyeukuza mti huo, ingawa hakuna aliyemwandika katika ripoti ya misitu.

Ndiyo maana nyumba ikihamwa, au bomba likikatwa, au choo na jiko vikihamishiwa upande wa pili wa ploti, mwarobaini huanza kukauka kuanzia juu. Watu husema umepata ugonjwa. Mara nyingi umepata kiu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 miarobaini mingi ya Niger, nchi ya jangwa kama yetu, ilianza kupoteza majani na kukauka kwa wingi. Watu waliogopa ugonjwa mpya, lakini katika sehemu kubwa wataalamu walielekeza kidole kwenye ukosefu wa unyevu ardhini na udongo uliokandamizwa.

Njaa, miradi na mathenge

Kuanzia 1979 hadi 1981 ulikuja ukame ambao wazee wanaujua kwa jina la Lopiar. Mifugo ilikufa kwa njaa na magonjwa, na uvamizi uliongezeka baada ya bunduki za jeshi la Idi Amin kumwagika kutoka Moroto. Maelfu ya familia yaliingia kambini kutafuta chakula. Mpango wa kufufua Turkana ulipoanza, watu walipewa chakula kwa kazi, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kupanda miti na kuchimba matuta ya kukusanya maji ya mvua. Kwa miaka kadhaa Norway nayo ilifadhili mradi mkubwa wa maendeleo ya wilaya, hadi Oktoba 1990, Kenya ilipovunja uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo, na msaada ukakoma.

Somo la miaka hiyo ni gumu. Watu walilipwa kwa kupanda, hawakulipwa kwa kutunza. Mche uliopandwa kwa ajili ya mgao wa mahindi haukuwa na mwenyewe siku mgao ulipokwisha.

Mti mmoja tu haukuhitaji mwenyewe, nao ni mathenge, ambao kwetu huitwa etirai. Ulipandwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1973 kufufua ardhi ya machimbo, na miaka ya 1980 ukapelekwa nchi kavu, Turkana ikiwemo, ili utoe kuni na kuzuia mchanga. Ulistawi kupita kiasi. Ulifuata malaga na kingo za mto, ukafunga njia za mifugo, ukaota palepale ambapo miche ya ewoi ingeota. Huko Baringo wananchi walikwenda hadi mahakamani, wakampeleka mbuzi aliyeharibika meno kwa sababu ya maganda yake. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mathenge kuwa magugu hatari. Tunawashukuru waliotaka kutusaidia, lakini tumejifunza kwamba mti unaokua haraka si lazima uwe mti tunaouhitaji, na kwamba ule mkubwa uliopo hauwezi kubadilishwa na mgeni.

Mto uliofungwa, mji uliofunguka

Mwaka 1991 bwawa la Turkwel lilikamilika kule juu, lenye ukuta wa mita 153, kwa ajili ya umeme. Hata kabla halijakamilika, mwanajiografia W. M. Adams aliandika mwaka 1989 akionya kwamba msitu wa mtoni unategemea mafuriko. Mafuriko hulowesha ardhi mbali na mkondo, huleta tope lenye rutuba na kutayarisha mahali pa miche kuota. Bwawa hushika mafuriko hayo na kuyatoa kidogokidogo. Mti mzee wenye mizizi mirefu unaweza kuvumilia, lakini mwana wake haoti, na msitu usiokuwa na watoto huzeeka pamoja.

Kisha mji ukafunguka. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia-1. Mwaka 2013 serikali ya kaunti ilianza kazi, makao yake Lodwar. Barabara ya lami ikaja. Sensa ya 2019 ilikuta mji una watu zaidi ya 80,000. Haya ni maendeleo, nasi ndio tuliyoyaomba. Lakini ardhi ya ekwar na ya maboma ikawa ploti. Karatasi ya ploti hutaja vipimo vya ardhi, haitaji mti. Anayeinunua anapimiwa mita, anakuta ewoi katikati, anauona kuwa kizuizi. Fundi anaukata siku ya kwanza, tawi linakwenda kwenye makaa, shina linang'olewa, msingi unamwagwa. Nyumba ikiisha, mwenyewe anakaa ndani ya mabati yenye joto, ananunua feni, na kupanda mche wa mwarobaini nje ya lango.

Haya yalizidishwa na ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo. Aliyepoteza mifugo alichoma makaa, na hatuwezi kumlaumu mtu anayelisha watoto. Lakini hesabu ya miti ilikuwa ileile.

Serikali kuu nayo inahimiza miti. Katiba ya 2010 inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti, lengo la kupanda bilioni 15 kufikia 2032 limetangazwa, na Novemba 13, 2023 ilikuwa sikukuu ya kupanda miti. Ni vyema. Ila mche unaopandwa leo kwa picha, ukipona, utatoa kivuli cha mkutano baada ya miaka mingi. Mti uliokwisha kuwa mkubwa unakitoa leo saa saba mchana.

Mizizi ya mita 30

Huko Niger, katika jangwa la Ténéré, palikuwa na mti mmoja wa jamii ya ewoi uliosimama peke yake, bila mti mwingine kwa mamia ya kilomita. Misafara ya ngamia iliutumia kama alama ya njia. Kisima kilipochimbwa karibu nao majira ya 1938 na 1939, mizizi yake ilikutwa ikifuata maji zaidi ya mita 30 chini. Uliishinda jangwa, lakini mwaka 1973 dereva wa lori aliugonga na kuuangusha. Mabaki yake yako katika makumbusho ya Niamey.

Mti mkubwa wa jangwani hauuawi kwa urahisi na jua. Huuawa na sisi, na mara nyingi bila kukusudia. Basi haya ndiyo mambo ambayo uzoefu wa nyumbani na elimu ya miti vinakubaliana.

Kwanza, maji yasimwagwe shinani. Mizizi inayonyonya maji ya mti mkubwa iko chini ya ncha za matawi na nje yake, pale kivuli cha adhuhuri kinapoishia. Tengeneza mfereji wa mviringo hapo, kisha mwagilia humo.

Pili, maji mengi mara chache yanashinda maji kidogo kila siku. Maji kidogo hulowesha juu tu, mizizi hupanda juu kuyafuata, na jua likikausha huacha chumvi inayochoma mizizi. Lengo ni unyevu ufike sentimita 60 au zaidi. Chukua kipande cha nondo ukidunge ardhini baada ya kumwagilia: katika udongo wenye maji kitashuka, kikifika pakavu kitakwama. Katika kiangazi kikali, kulowesha hivyo mara moja au mbili kwa mwezi kunatosha kwa mti uliokwisha kushika.

Tatu, usizibe ardhi. Saruji iliyofika shinani, magari yanayoegeshwa kivulini na kifusi kinachorundikwa juu ya mizizi hufanya udongo usipitishe maji wala hewa. Ukijenga, acha ardhi wazi chini ya matawi yote, na usikate mizizi minene kwa ajili ya msingi. Kuhamisha ukuta mita mbili ni nafuu kuliko kungoja mti miaka 40.

Nne, funika udongo kwa majani makavu au samadi iliyokauka, kiasi cha vidole vinne, lakini usiguse shina. Usifagie hadi mchanga ubaki mtupu, na usichome takataka chini ya mti.

Tano, punguza matawi kwa kiasi. Usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, wala usikate kilele. Matawi ndiyo yanayolikinga gome na jua, na gome lililozoea kivuli likiachwa wazi ghafla huungua, likapasuka, mchwa na wadudu wakaingia. Ukihitaji miiba ya ua, chukua kidogo kutoka miti mingi.

Hesabu ya bati

Mtu atauliza, maji yenyewe yatoke wapi, na sisi tunapanga foleni ya mitungi? Swali ni la haki. Kulowesha mchanga hadi sentimita 60 huhitaji karibu lita 60 kwa kila mita mraba. Mti ambao kivuli chake kina upana wa mita sita, ukichimbiwa mfereji wa upana wa mita moja kuuzunguka, unataka lita elfu moja na zaidi. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Hakuna mama wa kubeba hiyo, wala hatumwombi.

Lakini tazameni mabati. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita mraba 50, ikinyeshewa milimita 20 kwa usiku mmoja, hupokea lita 1,000. Hata zikipotea kiasi, zinazobaki zinakaribia kulowesha mti mzima kwa kina. Katika mwaka wa kawaida wa milimita 200, paa hilo hupokea lita 10,000. Leo maji hayo huanguka ukingoni, yakachimba msingi na kukimbilia laga. Mfereji wa bati, bomba fupi na shimo la mviringo kuuzunguka mti vinatosha. Penye tangi, sehemu inawekwa kwa akiba. Penye maji ya kufulia, yapelekwe huko pia, ila yasiwe na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha nguo, na yabadilishiwe mahali ili chumvi isijae.

Nyumba ya mabati ilikuja na kuufukuza mti kutoka kwenye ploti. Nyumba hiyohiyo inaweza kuunywesha.

Tunachoomba

Kamati imeamua kwamba sehemu ya harambee ya mwaka huu itakwenda kwenye miti mikubwa iliyopo, kabla ya miche mipya. Tutaanza na viwanja vya shule, kwa sababu huko kuna mapaa makubwa, kuna miti ya zamani, na kuna watoto wanaosomea kivulini darasa linapojaa. Fedha zitanunua mifereji ya paa, mabomba, matangi na toroli, na kuwalipa vijana wa mtaani wachimbe mifereji ya maji na kuondoa saruji iliyobana mashina. Kila mti utaandikwa: uko wapi, ni wa aina gani, na nani ameukubali.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Tunataka kurudisha ekwar mjini, kwa namna inayowezekana leo. Kila mti utakuwa na familia au darasa linaloujua na kuwajibika kwao. Anayetaka kuukata itabidi amkabili mtu mwenye jina. Tutakwenda pia kwa wazee, machifu na kaunti kuomba kwamba ramani ya ploti ionyeshe miti mikubwa kabla ya mtu kujenga.

Wewe uliye mbali, ukituma mchango wako, andika pamoja nao mti unaoukumbuka: ule wa shuleni kwenu, wa sokoni, wa nyumbani kwa nyanya yako. Kama bado umesimama, tutauweka wa kwanza katika orodha. Na wewe unayejenga nyumbani mwaka huu, mwambie fundi wako aanze kwa kuupima mti, ndipo apime nyumba.